Mjumbe Aliyesema Kabla ya Chakula cha Mchana

Tulimzika Deogratias huko Mkonze siku yenye upepo, ule upepo wa kwetu usio na adabu hata kwenye msiba, unaonyanyua turubai, unaomwaga vumbi kwenye masinia ya wali na kuwafanya watu wafumbe macho kabla hawajalia. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu siku hizi hayataki kukunjwa, mara nikasikia sauti nyuma yangu ikiuliza, "Yuko wapi Sesi? Yule binti wa Kiingereza yuko wapi?" Nikageuka. Alikuwa Bi Mwanahawa, ameshikwa mkono na mjukuu wake, miwani mizito, baibui limejaa vumbi mpaka magotini. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, kila mmoja akisikia habari za mwenzake kwa watu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaketi polepole kama mtu anayeshusha mzigo, akaangalia upande wa kaburi. Halafu, bila kuuliza hali yangu wala ya watoto, akasema: "Hivi yule mjumbe wetu alikuwa wa nchi gani vile?"

Akina mama waliokuwa karibu walitazamana, wakadhani bibi wa watu msiba umemchanganya. Mimi nilijua anauliza nini. Nikamtajia nchi, nchi ndogo ya misitu huko Afrika ya Kati, akatikisa kichwa. "Na jina lake?" Jina, nikamwambia, hatukuwahi kulijua. "Deo angelijua," akasema. "Yeye ndiye aliyependa majina." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na mimi yakanitoka.

Kila mtu ana mwaka mmoja anaoupima nao mingine. Wangu ni ule niliokaa chumba kimoja na Deogratias, Bi Mwanahawa na Mzee Ndahani, tukiisikiliza dunia. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Ilikuwa ofisi ndogo ya umma, masalia ya enzi ambazo wakubwa walitaka kujua kila asubuhi mataifa yameamkaje, na ilikuwa imewekwa katika jengo la zamani lenye paa la bati, si mbali na stesheni ya reli. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi ili upepo usiingie kwenye redio. Redio zenyewe zilikuwa kubwa, za mawimbi mafupi, zenye vitufe vilivyolainika kwa vidole vya watu waliotutangulia, na waya wa antena ulipanda kutoka dirishani hadi juu ya tangi la maji. Mimi nilisikiliza stesheni za Kiingereza. Deogratias, mwenyeji wa Kasulu aliyesomeshwa na mapadri ng'ambo ya mpaka, alisikiliza za Kifaransa. Bi Mwanahawa alisikiliza za Kiarabu. Watu wake walifika Dodoma na misafara ya biashara enzi hizo wakabaki hapo nyuma ya soko, na baba yake alikuwa amemfundisha lugha ile hadi akawa anawakosoa watangazaji. Mzee Ndahani ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikusanya tulichoandika, akakata, akasahihisha, akakipeleka kupigwa taipu na kurudufiwa. Karatasi zile ziliitwa Muhtasari, zikasambazwa kwenye ofisi, na Bunge lilipokutana Dodoma waheshimiwa nao walipata nakala zao.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mgeni wa kila kitu. Kilichonishangaza mapema kabisa ni kwamba jambo moja halikuwa jambo moja. Asubuhi ningesikia kwa Kiingereza kwamba mkutano fulani umefanikiwa. Deo angevua hedifoni zake aseme kwamba Wafaransa wanasema umevunjika. Na Bi Mwanahawa, akimimina chai kutoka kwenye chupa, angesema kwa utulivu kwamba kwa Waarabu mkutano huo bado haujaanza. Tulikuwa tukicheka sana. Saa ya chai yeye alileta kalmati alizokaanga mwenyewe. Deo alikuwa na dagaa wa Kigoma waliotumwa kwa treni, akiwatafuna kama karanga. Na mchana Mzee Ndahani alifungua hotipoti yake ya ugali wa uwele na mlenda, akatukaribisha kwa ishara ya mkono tu, kwa kuwa hakupenda kuongea na chakula mdomoni. Mazungumzo ya saa zile, midomo imejaa, ndiyo yaliyonifunza mengi kuliko chuo nilichotoka. Niliuliza maswali ya kitoto. Kwa nini kwenye Umoja wa Mataifa nchi tano zina kura ya kuzuia na nyingine zote hazina? Nani aliyewapa? Mzee Ndahani akameza tonge lake kwanza. "Walijipa," akasema. "Sisi tulikuwa bado hatujazaliwa kama nchi. Umewahi kufika kwenye sherehe ukakuta nyama imeshagawanywa?"

Huo ulikuwa wakati ambao nchi ilikuwa ikibadili nguo. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, soda za kila rangi madukani, magazeti ya watu binafsi yakitukana wakubwa hadharani, na hoteli moja mjini ilikuwa imeweka dishi kubwa jeupe juu ya paa ambalo watu walikwenda kulitazama kwa nje tu. Neno "Ndugu" lilikuwa linakufa, "Mheshimiwa" likikua. Tulihisi, bila kusema, kwamba mtu mwenye dishi hahitaji Muhtasari wetu. Na habari yenyewe ilitufikia kwa njia ambayo hata leo nikiikumbuka napata baridi. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, nimejifunika kitenge mabegani, nikimsikiliza mtangazaji wa Kiingereza akipitia habari za uchumi, mara nikasikia jina la nchi yetu. Akasema kwamba serikali imekubaliana na wakopeshaji wake kupunguza zaidi watumishi wa umma, na akaongeza kwamba vitengo vya habari na uchapaji ni miongoni mwa vitakavyoguswa. Akaendelea na bei ya kahawa. Nikaandika kama nilivyofunzwa: serikali imekubali. Nikampelekea Mzee Ndahani. Alisoma akiwa amesimama. Akaketi, akasoma tena, akabadilisha koma moja, akasema, "Weka ukurasa wa tatu." Bi Mwanahawa alipoambiwa aliuliza swali moja tu. "Aliyekubali ni nani?" Wiki zikapita, barua za kupunguzwa hazikuja, tukaanza kufikiri labda yule mtangazaji alikosea.

Halafu mvua zikaja, zile za elinino, ambazo waliokuwapo wanazikumbuka na waliozaliwa baadaye wanadhani tunatia chumvi. Dodoma hatukuwa tumezoea maji. Makorongo yaliyokuwa njia za mbuzi yakawa mito, vyura wakaingia ofisini wakakaa chini ya meza ya Deo, na bati lilipigwa na mvua kwa kelele hata ikabidi tubane hedifoni masikioni kwa mikono miwili. Ilikuwa katikati ya mvua hizo ambapo mataifa yalikutana mbali sana, ng'ambo ya bahari mbili, kuzungumzia hali ya hewa ya dunia. Sisi tulisikiliza maneno ya joto na ukame huku maji yakitiririka ukutani. Msamiati wenyewe ulikuwa bado haujafika kwetu. Leo mwanangu wa mwisho anasema "tabianchi" kama anavyosema "sukari", lakini siku hizo kila neno tulilitengeneza mezani, kwa ubishi. Na siku moja, kwenye ubishi wa neno, ndipo tulipokutana na mjumbe wetu.

Mtangazaji wangu alisema kwamba kabla ya kikao kuahirishwa kwa chakula cha mchana, mjumbe mmoja kutoka Afrika alisema misitu ya bara lake haiwezi kuwa sinki ya moshi wa wengine. Nikaandika "sinki", nikaona ni neno la jikoni, nikalifuta, nikaliandika tena.

"Sinki?" akauliza Mzee Ndahani. "Ya kuoshea vyombo?"

"Ndivyo walivyosema, Mzee. Misitu inanyonya moshi, wao wanaiita hivyo."

"Si sinki," Deo akasema kutoka kwenye kona yake. "Mimi nimemsikia mtu huyohuyo. Amesema misitu yetu haiwezi kuwa kisima cha dunia nzima. Kwa Kifaransa ni kisima."

"Kisima ni kitu chema," nikasema. "Kisima kinatoa maji."

"Hicho kinapokea. Lakini ni kisima."

Bi Mwanahawa alikuwa amekwishavua hedifoni na kuzishika mapajani. "Nyie mna bahati," akasema. "Kwangu wamesema Waafrika wamekataa misitu yao kufanywa balua. Mnajua balua? Karo. Shimo la maji machafu ya chooni." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa huyu bwana alisema sinki, kisima au choo?"

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana lilikuwa swali la kweli. Kila lugha ilikuwa imeipa misitu ile jina lake na kila jina lilikuwa na hukumu ndani yake. Mimi nilishikwa na udadisi ambao sikuwahi kuuhisi kwa habari nyingine yoyote. Nilitaka kujua alisema nini, kwa mdomo wake. Hakuna stesheni iliyotaja jina lake, wala nchi yake. Alikuwa "mjumbe mmoja", alikuwa "sauti ya Afrika". Deo alikuwa amerekodi taarifa yake kwenye kaseti, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mtu mwenyewe kwa muda mfupi sana: alikohoa, akasema "Bwana mwenyekiti", na mtangazaji akamfunika kwa maelezo. Tulirudisha kaseti ile mara nyingi. Kikohozi cha mtu mzima, asiyevuta sigara, Deo alisema. Mtu aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu, alisema Bi Mwanahawa.

Mzee Ndahani alituacha tucheze na kaseti siku mbili tatu, kisha akaizima. "Sikilizeni," akasema. "Kazi yetu si kujua alisema nini. Kazi yetu ni kujua wamesema alisema nini. Andikeni zote tatu, kila stesheni na neno lake, msomaji achague." Na ndivyo Muhtasari ulivyotoka: sinki, kisima, karo, mstari chini ya mstari. Sidhani kama yupo aliyeusoma.

Mvua ikazidi. Reli ikakatika upande wa mashariki, tuta likasombwa, na treni iliyotoka bara ikasimama stesheni ya Dodoma ikiwa imejaa watu wasioweza kwenda Dar es Salaam wala kurudi walikotoka. Mji wetu ukapata wakazi wapya. Watu walipika kwenye jukwaa la stesheni, wakafua, wakagombana, wakapatana. Nyumba za wageni zikajaa mpaka mtaa wa Kikuyu. Deo alikwenda stesheni kufuatilia kifurushi chake cha dagaa, akarudi bila dagaa, ameloa chapachapa, macho yanang'aa.

"Nimempata mtu aliyekuwepo," akasema.

"Wapi?"

"Mkutanoni! Yuko hapa, kwenye mgahawa wa nyuma ya stesheni, anakula chapati na maharage. Anaitwa Kasiga. Ni afisa wa wizara, alikuwa kwenye ujumbe wetu. Alipita kwao Tabora kuwaona wazee, sasa amekwama kama wengine."

Bi Mwanahawa hakuuliza zaidi. Alisema mgeni aliyekwama hali mgahawani wakati yeye yupo, na kesho yake, Jumamosi, tulikuwa sote kwenye ukumbi wa nyumba yake nyuma ya soko, viatu mlangoni, mvua ikigonga mabati ya uani. Kulikuwa na pilau ya mbuzi, kachumbari, na sahani ya zabibu zilizopasuka kwa maji mengi ya msimu. Kwa desturi ya nyumba ile wanaume wangekula peke yao, lakini Bi Mwanahawa aliketi pamoja nasi akisema leo si karamu, leo ni kazi. Mzee Ndahani peke yake hakuja. Alisema hajui kama ni sahihi mkuu wa ofisi kusikiliza kitu ambacho hakikutangazwa.

Bwana Kasiga alikuwa mwembamba, mcheshi, suruali ya suti ina tope mpaka magotini, na alikula kama mtu aliyesahau ladha ya nyumbani. Tulimwacha ashibe. Kisha Bi Mwanahawa akamwekea zabibu mbele yake na kusema, "Haya baba. Kuna mjumbe mmoja alisema kabla ya chakula cha mchana, habari za misitu. Tunataka kujua alisema sinki, kisima au karo."

Kasiga akacheka, halafu akaona hatucheki. "Namkumbuka," akasema. "Nilikaa nyuma yake kidogo. Mfupi, mnene kiasi, ana miwani, wa nchi ndogo ya misitu huko Afrika ya Kati; jina lake sikulishika. Lakini hakusema hata moja kati ya hayo."

"Stesheni tatu zimesema," nikamwambia.

"Stesheni zilisoma karatasi. Ngojeni niwaelezeni." Akajifuta vidole. "Jana yake nchi chache zilijifungia chumba cha pembeni kutengeneza maelewano. Wengine wote tulikuwa kwenye korido tunakunywa kahawa, tunaambiana wanakaribia kumaliza. Asubuhi tukakuta rasimu mezani. Ya Kiingereza peke yake. Ya Kifaransa walisema inatafsiriwa, itakuja. Sasa yule bwana alikuwa na hotuba yake nzuri, ameiandaa kwao, na nakala zilikwishagawiwa kwa waandishi wa habari mapema. Humo ndimo mna hayo mambo ya misitu. Lakini hakuisoma."

"Alifanya nini?" akauliza Deo.

"Nafasi yake ilipofika watu walikuwa wanafunga mikoba. Akakohoa..."

"Akakohoa!" nikasema. Deo akanishika mkono.

"Akakohoa, akasema Bwana mwenyekiti. Halafu akaiweka hotuba yake chini, akainua ile rasimu. Akasema, 'Naambiwa nchi yangu imekubali karatasi hii. Mimi sijaweza kuisoma. Naomba nisomewe nilichokubali.' Basi. Akavua miwani, akawa anangoja."

"Anangoja nini?"

"Asomewe."

Mvua ilikuwa imepungua ghafla, kama inavyofanya, na nilisikia kuku wa jirani wakitoka chini ya ukuta. Bi Mwanahawa alikuwa ameshika zabibu moja bila kuila. "Na mwenyekiti?"

"Alimshukuru mjumbe kwa mchango wake, akatutakia chakula chema."

"Mkaenda kula."

"Tulikwenda, Bi." Kasiga hakuwa anacheka tena. "Sote tulikwenda. Nilikuwa na njaa. Nilipogeuka mlangoni nilimwona bado amekaa, rasimu mkononi. Tuliporudi alikuwepo. Tafsiri ya Kifaransa ililetwa jioni, akaisoma yote pale pale, ukurasa kwa ukurasa, wengine tukiendelea na kikao."

Deo, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulipekua, akasogea mbele. "Alitumia maneno gani kwa Kifaransa? 'Naomba'? 'Nataka'? 'Nadai'?"

"Hapo sijui, ndugu yangu. Mimi sijui Kifaransa. Nilikuwa na kifaa sikioni, nilimsikia mwanamke wa Kiingereza kwenye kile kibanda cha wakalimani. Yeye ndiye aliyesema 'naomba'." Akafikiri. "Nakumbuka alisita. Kabla ya kulitoa lile neno, alisita, nikadhani kifaa kimeharibika."

Nimelifikiria sana lile la kusita. Nimeishi kuona mikutano ya namna ile ikirushwa yote kwenye simu ya mwanangu, hapa Ipagala, mtu anaweza kumwona mjumbe mpaka jasho la paji la uso. Nasikia wanavyodai viti vya kudumu kwa Afrika kwenye Baraza la Usalama, wanavyodai fidia ya hasara za mafuriko na ukame, na nafurahi, tena nawapigia makofi peke yangu sebuleni mpaka mwanangu ananicheka. Lakini udadisi wangu hauko kwenye jukwaa. Mimi huuliza: rasimu iliandikwa chumba gani? Nani alikuwemo, nani alikuwa kwenye korido na kikombe cha kahawa? Iliandikwa kwa lugha gani, na wengine waliipata saa ngapi? Mwanangu anasema mama unauliza mambo ya makarani. Ndiyo. Nilijifunza siku ile, nikiwa na pilau tumboni, kwamba hapo ndipo dunia inapogawanywa, na kwamba mtu mmoja mnene mwenye miwani alilijua hilo vizuri hata akaiacha hotuba yake nzuri ilale mezani.

Jumatatu nilimpelekea Mzee Ndahani ukurasa niliouandika kwa makini kuliko wowote. Aliusoma, akaurudisha. "Stesheni ipi imetangaza?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi hatuna habari." Nikasimama pale, nimeumia. Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Hebu nisimulie tena. Alipovua miwani. Aliifuta, au aliishika tu?" Nikamwambia sikuuliza. Akasikitika kweli. Ukurasa wangu haukutoka kwenye Muhtasari, na kwa kanuni alizozitumikia mzee yule maisha yake yote, alikuwa sahihi.

Barua zetu zilikuja barabara ilipopitika. Alizileta afisa utumishi kutoka makao makuu, kijana mwenye tai, aliyeteswa na safari, gari limekwama njiani hata akaonekana kama aliyelisukuma mwenyewe. Akakaa kwenye meza ya Mzee Ndahani, na watumishi wa vitengo vyote vya jengo lile, wachapaji, wahudumu, madereva, wakapanga mstari kwenye korido. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kila mmoja pole, akamwonyesha pa kusaini, karatasi mbili za Kiingereza zilizobanwa pamoja, na watu wakasaini. Tulikuwa watatu kwa kufuatana: Deo, kisha Bi Mwanahawa, kisha mimi. Deo alisoma yake haraka, kwa uso uliokunjamana, akasaini. Bi Mwanahawa akapewa kalamu. Akaiweka chini.

"Samahani mwanangu," akasema. "Naomba nisomewe nilichokubali."

Hakupaza sauti. Deo, aliyekuwa amefika mlangoni, alisimama kama aliyeitwa kwa jina. Kijana akatabasamu. "Ni maneno ya kawaida tu, mama. Ni ya kustaafu mapema."

"Nasubiri," akasema, akavua miwani yake, akavuta kiti, akakaa.

Kijana alimtazama Mzee Ndahani, na Mzee Ndahani alitazama dirisha lenye blanketi. Basi kijana akaichukua barua, akaanza kuitafsiri, akijikwaa. "Aliyesaini hapa chini, baada ya... baada ya kuelewa kikamilifu masharti, amekubali kwa hiari yake..."

"Hapo simama. Aliyesaini huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Amekubali lini?"

"Ukishasaini."

"Kwa hiyo bado."

"Bado," akakiri.

"Endelea."

Ilichukua muda. Kulikuwa na kifungu kimoja kilichosema mtumishi hatakuwa na dai lingine lolote, na hapo akauliza hata matibabu ya jicho ambayo ofisi ilikuwa imemwahidi, na kijana akasema hajui, na yeye akasema basi andika kwamba hujui. Akaandika, pembeni, akatia sahihi yake mwenyewe. Mwisho Bi Mwanahawa akavaa miwani, akachukua kalamu na, chini ya jina lake, akaandika mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mkono mzuri ambao baba yake aliufundisha.

"Hapo umeandika nini, mama?" akauliza kijana.

"Nimesomewa, nimeelewa."

"Na kukubali?"

"Hilo sikuliandika."

Alipoteza kazi kama sisi wote. Hakuna aliyeokolewa na mstari ule, na matibabu ya jicho yalimchukua miaka kuyapata. Lakini alipotoka, dereva mmoja mzee aliyekuwa amekwishasaini asubuhi alirudi kutoka uani, akaomba karatasi yake, akasema naye asomewe. Nyuma yake mhudumu. Nyuma yake wachapaji wawili. Niliangalia mstari ule ukigeuka, waliokuwa wametoka wakirudi ndani, hakuna anayegomba, hakuna anayepiga kelele, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Kijana wa makao makuu aliwatazama, akalegeza tai, akaomba maji ya kunywa. Kisha akaniona nimesimama zamu yangu ikiwa imefika.

"Dada, wewe ndiye wa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Njoo ukae hapa unisaidie. Peke yangu sitaweza."

Nikavuta kiti, nikaketi upande wake wa meza, nikaichukua barua ya yule dereva. Alikuwa amevua kofia, ameegemeza sikio lake upande wangu. Nilifika kwenye lile neno la 'kwa hiari yake', nikasita.

"Chukua muda wako, mwanangu," akasema. "Nakusikiliza."